Usipime mafuta ya maziwa kwa macho

Si ajabu kumsikia mnunuzi mjini Bungoma akinung'unika kwamba maziwa ya ng'ombe wa gredi kutoka upande wa Kitale yametiwa maji. Huenda yametiwa kweli. Lakini pia huenda ni mepesi kwa asili yake.

Maziwa ya Friesian, ng'ombe anayefugwa sana Trans Nzoia, huwa na mafuta kiasi cha asilimia 3.5. Ya Ayrshire hufikia 4, na ya Jersey karibu 5. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu hutoa maziwa machache, lakini mafuta yake huweza kufika asilimia 5. Ya mbuzi ni kama 4, na ya ngamia wa Pokot Magharibi ni kati ya 3 na 4. Kondoo huwashinda wote hawa kwa asilimia 6 hadi 7.

Macho hudanganya. Chembe za mafuta katika maziwa ya mbuzi ni ndogo, hivyo hazipandi juu upesi kufanya utando. Tena, maziwa ya mwisho wa kukama huwa na mafuta mengi kuliko ya mwanzo.

Je, haya yanahusu nini afya yako? Nusu lita ya maziwa ya Friesian ina gramu 17 hivi za mafuta, na ya Jersey 25. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au kolesteroli nyingi, tofauti hiyo ya kila siku si ndogo. Hata hivyo, hana haja ya kuacha maziwa. Ayachemshe, yapoe, kisha aondoe utando. Protini na kalsiamu nyingi hubaki.

Kwa mtoto mambo ni kinyume. Aliye kati ya mwaka 1 na 2 anahitaji mafuta hayo ili akue, asiondolewe utando. Aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee, ambayo nayo yana mafuta kiasi cha asilimia 4. Mama, usimwachishe ukidhani ya mbuzi yana nguvu zaidi. Maziwa hayo yana foleti kidogo mno, na mtoto mchanga anayelishwa hayo tu huweza kupungukiwa na damu.

Yawe mazito au mepesi, yachemshe yote. Viini vya brusela na kifua kikuu haviuawi na mafuta, bali na moto.