Ua wa Mita Ngapi Unawatosha Watoto?

Anayetafuta kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Kivule, Chanika au Goba, hupokewa na lugha ya dalali: "Ishirini kwa ishirini, bosi, bei maelewano." Mnunuzi mzoefu huuliza kwanza: mita au hatua? Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15 tu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Cha hatua 20 kwa 20 kina 225, na mpimaji akiwa mfupi hata hizo hazifiki. Wazazi wengi huipiga hesabu hiyo kwa ajili ya vyumba: cha kulala baba na mama, cha watoto, cha wageni, jiko, stoo. Wachache huipiga kwa ajili ya sehemu isiyojengwa, ambako watoto watashinda kutwa wakati wa likizo.

Kwa wapangaji wa miji, swali la ukubwa wa ua halina jibu moja, kwa sababu mtoto habaki na umri mmoja. Mdogo anahitaji eneo dogo sana lililo karibu na mlango. Mkubwa anahitaji eneo ambalo hakuna kiwanja cha familia ya kawaida kinachoweza kulitoa. Ndiyo maana familia nyingi hujikuta zimenunua ardhi kubwa kupita mahitaji ya mtoto wa miaka mitatu, na ndogo mno kwa yule wa miaka kumi.

Hesabu inaanzia kwenye mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 kwa siku za kutembea, kukimbia, kupanda na kuchezacheza. Kwa wa miaka 5 hadi 17, shirika hilo linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayopandisha mapigo ya moyo. Saa tatu za mtoto wa miaka mitatu ni vigumu kuzipata sebuleni, kati ya meza ya kioo na televisheni, bila kitu kuvunjika au mtu kufokewa.

Macho nayo yanadai haki yake. Mjini Guangzhou, China, shule 12 za msingi zilishiriki utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Katika sita kati ya hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa kipindi cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali. Kwa wenzao ambao ratiba yao haikuguswa ilikuwa asilimia 39.5. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga: hata chini ya kivuli cha mwembe saa sita mchana, jicho hupata mwanga mwingi kuliko ndani ya chumba chenye taa zote zimewashwa. Kwa hiyo watoto hawalazimiki kuchomwa na jua ili wafaidike. Wanatakiwa tu wawe nje.

Nje kiasi gani? Michezo yenyewe inasaidia kupima. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anataka mchanga, kopo, kijiko kibovu na maji kidogo, na kila dakika mbili tatu anataka kuhakikisha kuwa mama, dada au bibi bado yupo. Mita 3 kwa 4 za udongo wenye kivuli zinamtosha, mradi mlango wa jikoni uko hatua chache tu. Mdako unataka kijishimo na mduara wa mita moja. Gololi zinataka ardhi kavu iliyofagiliwa. Kuruka kamba kwa watoto watatu kunahitaji urefu wa kama mita 5, na upana wa kutosha kamba isije ikakwama kwenye nguo zilizoanikwa.

Rede inabadilisha mahesabu. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi, na aliye katikati anakwepa asipigwe. Chini ya mita 10 mchezo hauna raha, kwa sababu anayekwepa hapati nafasi ya kugeuka. Kombolela haihitaji uwanja mpana bali vichochoro, migomba, magari yaliyoegeshwa na kona za nyumba nne au tano, yaani inahitaji mtaa. Chandimu nayo, hata ya watatu kwa watatu na magoli ya mawe, itamaliza vioo vya madirisha ya ua wowote wa kawaida ndani ya wiki moja.

Umri wa kuvuka geti unatofautiana kati ya familia na familia, lakini kufikia miaka minane hivi mtoto anayecheza na ndugu zake peke yao huanza kuchoka. Anataka wa rika lake. Msanifu Christopher Alexander na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1977 kuhusu mifumo ya ujenzi, walipiga hesabu ya uwezekano wa mtoto kupata angalau wenzake watano wa umri unaolingana. Walifikia kaya 64 zilizounganishwa na ardhi ambayo mtoto anaweza kuipita bila kuvuka barabara ya magari. Hakuna ua wa familia moja unaoweza kununua kitu hicho, hata ukiwa na ekari.

Miji iliyoweka viwango inafuata mgawanyo huohuo wa karibu na mbali. Mpango wa jiji la London unataka miradi mipya ya makazi itenge mita za mraba 10 za kuchezea kwa kila mtoto atakayeishi humo, na eneo hilo ni la pamoja. Nafasi ya faragha ya nje ya kila nyumba, kwa mfano baraza ya ghorofani, inaanzia mita za mraba 5 kwa watu wawili, kisha huongezwa moja kwa kila anayezidi. Familia ya watano, basi, inapata mita za mraba 8 za kwake, huku watoto wake watatu wakihesabiwa 30 katika uwanja wa wote. Berlin inalazimisha jengo lenye nyumba zaidi ya sita kuwa na uwanja wa watoto wenye mita za mraba 4 kwa kila nyumba, usiopungua 50.

Amsterdam ilifika huko kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1947, msanifu Aldo van Eyck alianza kugeuza vipande vya ardhi vilivyobaki wazi kati ya majengo kuwa viwanja vya watoto: shimo la mchanga, vyuma vya kupandia, mawe ya kurukia, mabenchi ya wazazi, basi. Kufikia mwaka 1978 viwanja hivyo vilizidi 700. Vingi vilikuwa vidogo, lakini kimoja hakikuwa mbali na kingine.

Afrika Mashariki ina mifano yake, mingine ya zamani kuliko viwango hivyo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ina ukumbi wa kupita katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko, choo na kamba za kuanikia. Ua huo si mkubwa, na mara nyingi hutumiwa na kaya kadhaa za wapangaji. Hata hivyo watoto hucheza, kwa sababu daima kuna mtu mzima anayechambua mchele au kusuka nywele huku jicho moja liko kwao, na wale wakubwa huhamia barazani na mtaani, ambako wapo wazee wa bao. Maghorofa yanayochukua nafasi ya nyumba hizo huondoa vyote viwili kwa pamoja: ua unakuwa ngazi na stoo, baraza inakuwa fremu ya duka.

Nairobi kuna mtaa wa Buruburu, uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970. Nyumba zake zilipangwa kuzunguka koti, yaani eneo la pamoja lisilopitiwa na magari yasiyohusika, na kila familia ilikuwa na bustani yake ndogo. Bustani hizo kwa miaka mingi zimekuwa zikimezwa na vyumba vya nyongeza vya kupangisha. Pale ambapo koti yenyewe imebaki wazi, watoto bado wana pa kuchezea kati, yaani rede ya kwao, au kuendesha baiskeli.

Sasa turudi kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, cha mita za kweli. Nyumba ya vyumba vitatu yenye upana wa mita 12 na kina cha mita 11 inachukua mita za mraba 132. Zimebaki 268, na kwa kipimo chochote hizo ni nyingi. Lakini mafundi wengi wamezoea kuiweka nyumba katikati kabisa, ipendeze ukiitazama kutoka getini. Matokeo yake ni vichochoro vinne: mita 4 kila ubavu, mita 4.5 mbele na nyuma. Mbele inachukuliwa na gari, nyuma na karo na tangi la maji, ubavu mmoja na kamba za nguo, wa pili na mabanda ya kuku. Familia ina mita za mraba 268 na watoto hawana hata kumi zilizokaa pamoja.

Nyumba hiyohiyo ikisogezwa ubaki upenyo wa mita 1.5 ubavu mmoja, kwa kadiri kanuni za halmashauri zinavyoruhusu, ubavu wa pili unakuwa na mita 6.5. Zidisha kwa kina cha nyumba, mita 11, unapata uwanja mmoja wa mita za mraba 71.5. Hapo rede inachezeka. Dirisha la jiko likiangalia upande huo badala ya ukuta wa jirani, mpishi anaona kila kitu bila kutoka. Kusogeza nyumba hakuongezi tofali hata moja, ila uamuzi lazima ufanyike kabla fundi hajapiga kamba za msingi.

Gharama ambayo wengi hujitwisha bure ni vitofali vya pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Ni kweli huondoa tope, lakini juani huwaka kiasi cha kuunguza nyayo, na maji ya masika hayana pa kuzama isipokuwa kwa jirani. Kuviweka kwenye njia ya gari na mlangoni kunatosha. Sehemu ya kuchezea ibaki udongo, mchanga au nyasi, na mti mmoja wa kivuli, mwarobaini, mwembe au mkungu, upandwe upande wa magharibi ili ukinge jua la alasiri, saa ambazo watoto wametoka shule.

Usalama hauongezeki kwa sababu ua ni mkubwa. Hatari za nyumbani zinajulikana: kifuniko cha karo kilichopasuka, kisima kisicho na mfuniko, ndoo ya maji iliyoachwa chini, gari linalorudi nyuma. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu. Njia ya gari ikitenganishwa na eneo la mchanga kwa ua wa michongoma au hata matairi yaliyozikwa nusu, ajali ya gari linalorudi nyuma inakuwa imepunguziwa nafasi.

Wanaoishi ghorofani hawana nafasi ya kusogeza msingi, lakini wana la kupima. Baraza ambayo kina chake hakifiki mita 1.8 huishia kuwa stoo ya ndoo. Alexander alikitaja kina hicho, futi sita, kuwa kidogo kabisa kinachowawezesha watu kukaa. Uzio uwe na kimo cha mita 1.1 hivi, nondo ziwe wima ili zisigeuke ngazi ya kupandia, na nafasi kati yake isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipenye. Mwaka 2022 zilipofunguliwa nyumba mpya za Magomeni Kota jijini Dar es Salaam, zenye kaya 644, maisha ya ghorofa yaliwafikia wengi waliokulia uani. Kwa kaya nyingi hivyo mahali pamoja, watoto wa rika moja hawawezi kukosekana, na suala linakuwa ardhi iliyo chini inatengewa nini: maegesho ya magari au michezo.

Kwa anayenunua, kazi ya maana iko nje ya mipaka ya kiwanja. Katika eneo lililopimwa, mchoro wa mipango miji uliopo halmashauri huonyesha maeneo ya wazi na viwanja vya michezo. Inafaa kuuomba, kisha kwenda kwa miguu hadi kwenye eneo husika, kwa sababu baadhi ya maeneo ya wazi yaliyochorwa tayari yana fremu za maduka, gereji au msingi wa nyumba. Safari hiyo ifanyike saa kumi na moja jioni, siku ya shule, saa ikiwa mkononi: mwendo wa dakika tano, bila barabara ya daladala katikati, ni umbali ambao mtoto wa darasa la tatu anaweza kuruhusiwa kwenda na kurudi. Mahali ambapo hakuna upimaji, anayeulizwa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa: watoto wa hapa wanacheza wapi, na ardhi hiyo ni ya nani? Jibu likiwa ni kiwanja cha mtu ambaye bado hajajenga, bei ya dalali ijadiliwe upya.