UTUSITUSI WA ANGA NA NGUVU YA JUA

Watu wengi wa Shinyanga na Geita hudhani ya kuwa mbingu isiyo na wingu ndiyo yenye jua kamili. Sivyo. Katika miezi ya kiangazi mawingu huadimika, lakini jioni jua hufifia likawa jekundu kabla halijafika upeo wa macho, na vilima vya mbali huonekana kama vilivyofunikwa shela. Huo ni utusitusi: vumbi la mashamba na la barabara za machimbo, pamoja na moshi wa nyika zichomwazo. Watazamao mwezi mwandamo waujua vema, kwani huificha hilali.

Wataalamu wametafuta njia ya kuupima. Mwaka 1922 Franz Linke, Mjerumani, alitoa kipimo chepesi kufahamika: anga hii yapunguza miali ya jua sawa na anga ngapi zilizo safi na kavu? Jibu likiwa 2, hewa ni safi sana. Likiwa 5 au 6, ni nzito. Mwaka 2003 wataalamu wa Ulaya walitoa ramani 12 za dunia nzima, moja kwa kila mwezi, zenye miraba ya kilometa 9 hivi.

Kazi hiyo ni kubwa, walakini ina mpaka wake. Pasipo na chombo cha kupimia, namba hukadiriwa kwa satelaiti na kwa vituo vya mbali. Tena wastani wa mwezi hauoni siku moja ya moto, wala mraba mpana hauoni nyumba iliyo kando ya njia ya malori.

Haya yatuhusu. Mwaka 2023 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga mtambo wa umeme wa jua Kishapu, mkoani Shinyanga, hatua ya kwanza ikiwa megawati 50 kati ya 150. Na wazazi wangapi wamejinyima wakanunua paneli ya sola ili watoto wasome usiku! Utusitusi hupunguza miali ingali angani. Kisha vumbi hutua juu ya paneli yenyewe.

Basi twawausia wazazi: msinunue paneli ya kutosha kwa shida, bali ikidhi hata mwezi wa vumbi, ifuteni kwa maji na kitambaa laini asubuhi, na msichome nyika ovyo. Nanyi vijana, shikeni hesabu na elimu ya hewa. Ramani ya dunia yahitaji vipimo vya mtu aishiye chini ya anga hiyo.