Rangi, Kabila na Darasa (2): Nani Kaandikwa Kwenye Orodha ya Wapiga Kelele?

Makala ya wiki jana yaliishia mwaka 1964, tume ya Profesa Simeon Ominde ilipopendekeza shule za Kenya zisigawanywe tena kwa rangi. Kabla ya hapo mtoto wa Mombasa alisomeshwa kulingana na kundi aliloandikiwa na serikali: Wazungu shule zao, Wahindi zao, Waarabu zao, Waafrika zao, na pesa za elimu zikafuata ngazi hiyohiyo kutoka juu kwenda chini. Familia za Mji wa Kale zilivutana na wakoloni miaka mingi zipate kuhesabiwa Waarabu, maana jambo hilo lilihusu kodi na lilihusu shule.

Milango ile imefunguliwa zaidi ya miaka 60 sasa. Leo tuingie darasani kwenyewe.

Darasa letu liko Magogoni, mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kisauni, Mombasa. Wazazi wa huku wanaishi kwa vibarua vya bandarini, kazi za mahoteli ya Bamburi na Shanzu, tuktuk, bodaboda, na biashara ndogondogo zinazoanzia alfajiri sokoni Kongowea. Wametoka kila pembe ya nchi, na wengine wako hapa tangu enzi za mababu. Kwa hivyo rejesta ya darasa moja inaweza kuwa na Kahindi, Mwanaisha, Mutua, Otieno, Abdi, Wanjiku na Mwakio. Marekani mwalimu humtazama mtoto ngozi. Kwetu hana haja ya kuinua macho, kwa sababu akiita majina asubuhi ameshajua nani katoka wapi, na mara nyingi anadhani ameshajua na tabia yake.

Chombo kinachoonyesha jambo hili waziwazi ni kile kikaratasi cha wapiga kelele. Kila aliyesoma shule ya msingi Kenya anakijua. Mwalimu anaitwa ofisini, anamwachia monita karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, na kuanzia hapo monita ni serikali. Anaandika jina. Aliyeandikwa akilalamika, anawekewa alama ya X mbele ya jina. Akiendelea, X ya pili. Rafiki wa monita anafutwa kwa kipande cha muwa. Asiye na mtetezi huandikwa hata akiwa amelala juu ya dawati. Mwalimu akirudi hasomi yaliyotendeka, anasoma majina tu, na akikuta jina alilolitarajia haulizi swali. Akikuta jina asilolitarajia, tuseme la yule binti mtulivu wa mbele, anashangaa: “Hata wewe leo?” Mshangao huo ndio msamaha wenyewe. Mwenzake wa nyuma hapewi hata hiyo “hata wewe”.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2015 Jason Okonofua na Jennifer Eberhardt, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwapa walimu wa Marekani taarifa ya mwanafunzi aliyekosea mara mbili, makosa madogo ya kawaida ya darasani. Taarifa ilikuwa moja kwa wote, ila jina lilibadilishwa: walimu wengine walisoma habari za Darnell au Deshawn, majina yanayosikika kuwa ya Waamerika Weusi, na wengine za Greg au Jake. Kosa la kwanza halikuleta tofauti kubwa. Kosa la pili ndilo lililowatenganisha. Mwenye jina la Kizungu alionekana kakosea tena, basi. Mwenye jina la Mweusi alionekana ana tabia hiyo. Walimu walikereka zaidi, wakataka adhabu kali zaidi, na ikawa rahisi kwao kumwona ni mtundu wa kudumu. Ndiyo ile X ya pili ya monita wetu.

Huku kwetu dhana zenyewe zimepangwa kama bidhaa dukani, na sote tumezisikia kwenye chumba cha walimu au kwenye kiti cha nyuma cha matatu. Mpwani mvivu. Mgiriama mzito. Mdigo na Mkamba wachawi. Mkikuyu atakuibia kalamu. Mjaluo majigambo. Msomali jeuri. Mhindi hesabu zimo kwenye damu. Zile za uchawi sizishughulikii leo. Ile ya uvivu, ambayo ndiyo inayomwangukia mtoto wa Magogoni mara nyingi zaidi, ina historia, tena historia inayojulikana.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya. Wenye mashamba ya minazi na nafaka wakapoteza mikono ya bure, na serikali nayo ikataka vibarua wa mashamba na wa kazi za umma. Wagiriama walikuwa na mahindi yao, mifugo yao na biashara yao. Hawakuona sababu ya kuyaacha hayo wakamlimie mtu kwa ujira mdogo. Walipobanwa kwa kodi na kwa amri ya kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, wakagoma. Mekatilili wa Menza, mmoja wa viongozi wao, akaapisha watu, na mwaka 1914 pakawa na vita. Waliposhindwa walitozwa faini ya rupia 100,000, na wakatakiwa kutoa vibarua juu yake. Watu waliokataa kufanya kazi ya mwingine kwa sababu walikuwa na ya kwao, wakaandikwa kwenye ripoti za maofisa kuwa hawapendi kazi. Maofisa walirudi kwao Uingereza, neno likabaki. Leo linatamkwa na mwalimu Mwafrika kwa mtoto Mwafrika.

Baadaye dhana hizo zikavishwa joho la sayansi. Katika miaka ya 1930 Daktari H. L. Gordon alitangaza kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya ina upungufu wa kuzaliwa nao. F. W. Vint, mtaalamu wa maabara wa serikali Nairobi, akapima bongo 100 za maiti na mwaka 1934 akachapisha matokeo yaliyotumika kuunga mkono madai hayo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kilichodai kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Hakuna lililosimama katika hayo. Tena hata wakati ule alikuwapo mwenye busara zaidi: R. A. C. Oliver, aliyetunga jaribio la akili kwa wanafunzi wa Kiafrika mwaka 1932, alionya kwamba alama za mtihani haziwezi kutenganisha alichozaliwa nacho mtoto na alicholelewa nacho. Onyo lake halikupata wasikilizaji wengi kama walivyopata wenzake.

Turudi kwa huyo “mvivu” wa Gredi ya Saba. Watoto wengi wa Kiislamu huku huamka kwa sala ya alfajiri, huenda shule, na wakitoka huenda madrasa hadi jua linapotua. Jumamosi na Jumapili madrasa tena. Saa nane mchana, joto la Mombasa likiwa limekaa juu ya bati, kijana anasinzia kwenye somo la hesabu. Mwalimu anaona Mpwani. Haoni saa nyingi za kila siku za kukaa mbele ya kitabu. Na wa pembeni yake, ambaye mamake huondoka usiku kwenda kuchukua mboga Kongowea, amekuja bila chai, naye anasinzia vilevile ila ana jina la bara. Huyo ataulizwa kama ni mgonjwa.

Madrasa inafundisha jambo jingine pia. Mtoto husoma kwa sauti, wenzake wote wakisoma kwa sauti kwa wakati mmoja, mwili ukiyumba kidogo. Huko ndiko kujifunza. Akifanya hivyohivyo darasani anaandikwa mpiga kelele. Kwa upande wa pili, nyumbani amefunzwa mtoto hamjibu mkubwa, huitika “labeka” na kuinamisha uso. Mwalimu aliyezoea mtoto anayeinua mkono na kubishana anamwona huyu hana habari. Sisemi kila usingizi na kila kelele vina udhuru. Watundu wapo, na wa kabila lolote. Nasema mwalimu anayetafsiri tabia kwa kabila ameacha kuitazama tabia yenyewe.

Sehemu nzito zaidi ni hii inayofuata. Mtoto naye husikia. Karla Hoff na Priyanka Pandey walifanya utafiti vijijini India kwa wavulana wa tabaka la juu na wa tabaka la chini, wakawapa mafumbo ya njia za kupotezana wayatatue. Tabaka zilipokuwa hazijatajwa, makundi mawili yalikwenda sambamba. Mtafiti aliposimama mbele ya kundi akasoma jina la kila mtoto, la babake, la babu yake na tabaka lake, wavulana wa tabaka la chini walitatua mafumbo machache zaidi. Watoto walikuwa wa aina ileile na mafumbo ya namna ileile, kilichoongezeka ni tangazo tu. Marekani Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha jambo la jamaa hiyo mwaka 1995 kwa wanafunzi Weusi wa chuo kikuu. Tafiti zilizofuata zimebishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na nyingine ziliikuta ndogo. Lakini huo wa India ndio unaofanana mno na darasa letu, kwa sababu sisi pia tunatangaza. “Wewe Mgiriama, simama.” “Nyinyi Waswahili mwapenda maneno.” Mwalimu husema kwa mzaha, darasa likacheka, na aliyetajwa akacheka pia, maana asipocheka itakuwa ameongeza kosa.

Kisauni ina tangazo lake la ziada. Mnamo Novemba 2014 polisi walivamia misikiti kadhaa ya Mombasa, ikiwemo Swafaa na Minaa ya Kisauni, wakisaka vijana waliodaiwa kuingizwa katika itikadi kali. Miaka iliyofuata magazeti yakajaa habari za magenge ya vijana wenye mapanga, Wakali Kwanza na wenzao. Magenge hayo ni kweli, na watu waliumizwa. Ila tangu hapo mvulana wa miaka 13 mwenye kanzu hutazamwa kama gaidi, na mwenye kaptura iliyochanika kama mtoto wa panga. Akisukumana na mwenzake kwenye foleni ya uji, kwa mtoto wa mtaa wa kitajiri wa Nyali ungekuwa utoto. Kwake unakuwa dalili. Na mvulana wa umri huo, akishaambiwa mara nyingi kwamba anaogopwa, hugundua kwamba kuogopwa kuna faida zake. Walio kwenye magenge wanalijua hilo kuliko walimu, nao humpokea bila kumuuliza alama za hesabu.

Haki inataka niseme pia la upande wa pili. Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilipoanza kuwahamisha walimu nje ya kaunti zao, darasa nalo likawa na rejesta yake ya walimu. Wa bara mkali, wa bara anadharau dini, wa bara kaja kuchukua kazi. Wanaokumbuka Likoni ya Agosti 1997, familia za bara zilipokimbia usiku huku nyumba zikiteketea, wanajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Mzazi anayemwambia mwanawe mezani kwamba mwalimu fulani “ni wale wa bara tu” amemwandika mwalimu kwenye karatasi ileile.

Kuna lililofanya kazi. Okonofua na wenzake walirudi mwaka 2016 na matokeo ya zoezi fupi kwa walimu wa hesabu wa shule tano za California: walisomeshwa na kuandika kuhusu kumsikiliza mtoto mkosaji kabla ya kumhukumu, na kuhusu uhusiano mwema kama chombo cha nidhamu. Katika mwaka wa zoezi hilo, kiwango cha wanafunzi wao waliosimamishwa masomo kilikuwa takribani nusu ya kile cha wenzao. Zoezi kama hilo halihitaji jengo wala wafadhili. Chumba cha walimu na Ijumaa moja mchana vinatosha.

Kwa hivyo naomba mambo mawili kwa walimu wakuu wa Magogoni na jirani zake. Kwanza, kikaratasi cha wapiga kelele kiondolewe, au basi kisitumike kuadhibu mpaka aliyeandikwa aulizwe alifanya nini. Pili, kitabu cha nidhamu cha shule kisomwe mwisho wa muhula na Bodi ya Usimamizi pamoja na wawakilishi wa wazazi, wakitazama majina gani yanajirudia na kwa makosa gani. Kama wawili walitenda kosa moja na mmoja tu ndiye aliyerudishwa nyumbani, iulizwe kwa nini. Wazazi nao wana mkutano wa shule, na kiti chao hakihitaji mwaliko.

Kwa anayedhani huu ni upole tu wa waandishi, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumdhalilisha mwanafunzi kwa mwili au kwa akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Wiki ijayo tutaangalia vitabu vya kiada.