Uzuri Utakao Mlinzi
Asili ya mmea uitwao hosta ni Ujapani, Uchina na Korea. Hupandwa kivulini, nao husifiwa kwa majani kuliko maua. Mimi hunivutia ule mfupi wenye majani ya rangi mbili: kijani katikati, weupe ukingoni. Weupe huo ndio urembo wake, na ndio udhaifu wake pia, maana haupiki chakula kwa nuru ya jua. Hulishwa na kijani. Basi pakizuka chipukizi la kijani kitupu, hukua kwa nguvu kuliko mengine. Lisipong'olewa mapema huufunika mmea wote, weupe ukapotea. Kwetu Mombasa haustawi, kwani kila mwaka hutaka majira ya baridi upate kulala. Kizuri chajiuza, walinena wahenga. Nami naongeza: chataka na mlinzi.