Dawa ya Maabara na Dawa ya Mgonjwa

Wengi hujiuliza: kama dawa imeshinda virusi maabarani, mbona wagonjwa hawapewi mara moja? Mwezi huu tutajibu kwa mfano wa dawa iitwayo remdesivir.

Virusi haviwezi kuzaana vyenyewe. Huingia ndani ya seli ya mwili, na humo hutengeneza nakala zao kwa kuunganisha vipande vidogo viitwavyo nyukleotidi, kama mwashi apangavyo matofali. Remdesivir huingia katika seli ikiwa imefunikwa, mithili ya hindi katika maganda yake. Ikiwa ndani, maganda huvuliwa, nayo huwa kipande kinachofanana na nyukleotidi halisi. Virusi hulichukua tofali hilo la bandia, na baada ya hatua chache ujenzi hukwama.

Mwaka 1995 tulikuwa bado hatuna dawa ya Ebola. Mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba kima walioambukizwa ugonjwa huo, wakaanza kupewa remdesivir siku 3 baadaye, walipona wote. Matumaini yakawa makubwa.

Ebola ilipozuka mashariki mwa Kongo mwaka 2018, lilianzishwa jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa mmoja wa viongozi wake. Huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waligawiwa kwa kura dawa moja kati ya nne. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa remdesivir, takriban 53 walifariki. Kwa dawa mbili za kingamwili, walifariki takriban 34 au 35. Moja ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola iliyozuka Kikwit mwaka 1995. Agosti 2019 wagonjwa wapya wakaacha kupewa remdesivir katika jaribio hilo.

Dawa haikutupwa. Mwaka 2020 Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa Uviko-19 waliolazwa hospitalini.

Tunajifunza mawili. Kwanza, mnyama aliyepona hatoshi kuwa ushahidi kwa binadamu. Bila kulinganisha kwa haki, wengi zaidi wangepewa dawa iliyo dhaifu. Pili, katika jaribio hilo, waliofika kituoni mapema walipona zaidi kuliko waliochelewa, hata dawa ikiwa ileile. Basi wazazi, homa kali isingoje kesho. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya leo.