TEMBEA KITANO, USTAREHE BILA KUPOTEZA SALA

Wenzetu wa pwani wanaosafiri kwenda Japani kwa biashara ya magari huulizana mambo mawili kabla ya kufunga mizigo: tutakula nini, na tutasali wapi? Starehe haitajwi kamwe. Wengi huona kwamba Mwislamu akimaliza shughuli zake huko, kilichobaki ni kujifungia chumbani akingoja siku ya ndege.

Mimi nimetembea mtaa wa Kitano, mjini Kobe, na nasema sivyo. Kobe ni bandari kama Mombasa. Ilifunguliwa kwa wafanyabiashara wa nje mwaka 1868, na wageni walipozidi na nafasi ya pwani kuwa finyu, matajiri wao walipanda kujenga kwenye miteremko ya Kitano, mlima uko nyuma yao na bahari mbele. Walikuwako Wazungu, Wahindi, Wachina, na Watatari waliokimbia machafuko ya Urusi.

Nyumba zao ndizo matembezi ya leo. Mashuhuri kupita zote ni ile ya matofali mekundu aliyojenga mfanyabiashara wa Kijerumani mnamo mwaka 1909. Juu ya paa lake kuna sanamu ya jogoo anayegeuka kufuata upepo. Mwaka 1977 televisheni ya taifa ilionyesha mchezo uliopewa jina la jogoo huyo, na tangu hapo Wajapani wenyewe wakamiminika kuja kutazama. Mwaka 1980 serikali ikauweka mtaa huo chini ya hifadhi.

Nyumba nyingi hutoza kiingilio, basi chagua moja au mbili. Mimi ningechagua ile ya rangi ya kijani iliyojengwa mwaka 1903 kwa balozi mdogo wa Marekani. Dohani yake iliyoanguka katika tetemeko la Januari 17, 1995 imewekwa bustanini ili watu waione. Tetemeko hilo liliua watu zaidi ya 6,400.

Shuka kidogo, na utauona msikiti. Ulifunguliwa mwaka 1935 kwa michango ya Waislamu wa mji, wafanyabiashara wa Kihindi wakiwa mstari wa mbele, nao huhesabiwa kuwa msikiti wa kwanza wa Japani. Mabomu ya mwaka 1945 yalipouteketeza mji, msikiti ulibaki umesimama. Tetemeko la 1995 nalo halikuuangusha. Kumbuka tu kwamba kibla, ambacho kwetu Mombasa ni kaskazini, huko ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Karibu na hapo yapo maduka yenye nyama ya halali, kwa hiyo yale maswali mawili ya safari yamekwisha kujibiwa.

Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, nenda nyuma ya stesheni ya Shin-Kobe. Mwendo mfupi wa kupanda mlima utakufikisha kwenye maporomoko ya Nunobiki, ambako maji huanguka kutoka urefu wa mita 43. Jioni shuka bandarini ukapunge upepo. Upo mnara mwekundu wa mita 108, uliojengwa mwaka 1963, na kando yake kipande cha gati kilichoachwa kimepasuka na kuzama nusu tangu tetemeko. Ukipita mtaa wa Wachina, Nankinmachi, tazama taa zake ufurahi, ila jihadhari na maandazi ya mvuke: mengi yana nyama ya nguruwe.

Nililowaza sana huko ni hili. Wenye zile nyumba nzuri wamekwenda zao, na nyumba zimebaki za kutazamwa kwa tikiti. Msikiti, ambao nao ni kazi ya wageni, haukuwa jumba la maonyesho. Milango yake ingali wazi kwa sala, na safu zake hujazwa na watu wa mataifa mbalimbali.

Nasi tunao Mji wa Kale, na watalii huja kupiga picha milango yetu ya nakshi. Kuihifadhi milango ni jambo jema. Lakini Kitano imenifunza kuuliza pia: nyuma ya mlango huo, bado kuna jamaa wanaokaa, wanaopika, wanaoitikia adhana? Kama wapo, wasaidiwe kuziba paa linalovuja kabla hawajahama.