Kiamaiko, Jina Ndilo Mtaji

Mwenye kufahamu Kikikuyu akilisikia neno Kiamaiko husikia ndani yake jina la mtu: ni kwa Maiko. Bwana huyo hana sanamu wala picha ukutani, na umati upitao hapo kila siku baina ya Huruma na Mathare haumfikirii hata kidogo. Watu wamefuata mbuzi. Kiamaiko ni soko mashuhuri la nyama ya mbuzi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na atakaye kujua jinsi mtu anavyojijengea jina kazini mwake, hata jina hilo likamfanya kiongozi wa wenziwe, asijisumbue kwenda kwenye kumbi za mahoteli kuwasikiliza wasemaji wa kukodiwa. Na aende Kiamaiko alfajiri.

Malori huteremka na mbuzi na kondoo kutoka Isiolo, Marsabit na hata Moyale mpakani. Wenyeji wa biashara hiyo aghalabu ni watu wa kaskazini: Waborana, Wagabra, Waburji na Wasomali, na wanunuzi ni wa kila kabila lililomo Nairobi. Kelele ni nyingi, damu na samadi vimechanganyika na maji ya mtaroni, na mgeni huenda akadhani hapana utaratibu wowote. Upo, tena mkali.

Mbuzi wa hapo hauzwi kwa mizani. Mnunuzi humpapasa mgongo, akamshika kiuno, akamwinua kidogo kutazama uzito, kisha bei ikasemwa. Baina ya mwenye mbuzi na mnunuzi amesimama dalali, na huyo ndiye niliyemfuata. Mwenye mbuzi ametoka mbali, hana pa kulala, hajui nani mkweli na nani ayari. Humkabidhi dalali kundi lake lote naye dalali humpa mchinjaji, na mara nyingi hapana hata shilingi moja iliyotolewa wakati huo. Fedha zitakuja nyama ikishauzwa. Biashara ya namna hii sisi watu wa pwani twaiita mali kauli, na sijui lugha nyingine iliyoipa jina lililo sawa zaidi: mali yote imesimama juu ya kauli ya mtu.

Sasa tazama, msomaji, hesabu yake ilivyo. Dalali hana zizi wala ng'ombe, wengine hawana hata kibanda. Alichonacho ni kwamba jina lake likitajwa Moyale, mtu asiyepata kumwona atakubali kumpelekea mbuzi arubaini. Mzee mmoja wa kazi hiyo alinieleza kwamba jina lake lilimchukua miaka kumi na zaidi kulijenga, na kwamba katika miaka hiyo lililomsaidia zaidi ni hasara. Mchinjaji aliyechukua mbuzi wake alitoroka na fedha. Yeye akauza alichokuwa nacho, akamlipa mwenye mbuzi hadi senti ya mwisho. Hakumtangazia mtu. Dereva wa lori ndiye aliyeyabeba maneno hayo kwenda nayo kaskazini, na tangu hapo hakukosa mzigo.

Mzee huyo hakuchaguliwa na yeyote wala hana cheo. Lakini wakigombana wawili juu ya bei, huitwa yeye. Akifa mtu na maiti ataka kusafirishwa kwao, fedha hukusanywa mkononi mwake. Uongozi ulimjia kwa mlango wa kazi, hata mwenyewe nadhani hakusikia ulipobisha.

Waislamu ambao ndio wengi katika soko hilo hawataona ajabu kwa haya, kwani tulisomeshwa chuoni tungali wadogo. Mtume wetu (S.A.W.) aliitwa Al-Amin, yaani mwaminifu, kabla hajapewa utume; na waliomwita hivyo ni wafanyabiashara wa Makka, watu wagumu wa hesabu. Hata alipohama kwenda Madina mwaka 622, walipokuwa wakimtafuta wamuue, amana za watu zilikuwa bado ziko kwake, na alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe. Walimkataa, na mali zao walimwekea yeye! Sijui sifa iliyo kubwa kuliko hiyo, ya kuaminiwa na adui yako.

Katika mizunguko yangu ya Kiamaiko nilikutana na kijana nadhifu, mwenye viatu vilivyong'aa mahali ambapo kung'arisha viatu ni ushujaa. Alinipa kadi. Chini ya jina lake yaliandikwa maneno matatu: kiongozi, mshauri, mhamasishaji. Ana picha zake nyingi katika simu, moja akimpa mkono mbunge, nyingine amevaa koti la mwalimu wa chuo kikuu ambacho hakukitaja. Alipoambiwa kuwa mimi hutunga mashairi, uso ulimchanua. Alitaka nimtungie beti za kumsifu, zenye lakabu nzuri, apate kuzibandika pamoja na picha uchaguzi ukifika. Angelipa.

Nilikataa, ingawa njaa ya mshairi haina adabu. Katika kurasa za mashairi tumewaona wengi wa namna hii: leo mtu ameleta shairi lake la kwanza, vina vimempiga chenga, na chini ametia sahihi ya Simba, au Malenga wa mji mzima. Lakabu ya kujipa ni kama kanzu ya kuazima, watu hujua mwenyewe. Ile idumuyo hutoka vinywani mwa wasomaji, tena mtunzi akiwa ameshasahau kuitamani.

Lakini sitamdhulumu kijana. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na methali hii nzuri ina kasoro moja: hata kizuri lazima kiletwe sokoni. Mbuzi aliyebaki Moyale hana mnunuzi Kiamaiko. Basi nikamsimulia habari za mtu aliyejua kazi na akajua pia kujitangaza.

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, na mwaka 1951 alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi, kazi ya jamaa ya hao wanaopiga nyama muhuri hivi leo. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 amesimulia alivyokuwa akipima maziwa ofisini, akaingia bibi mmoja wa Kizungu na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hamna mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Alimwuliza yule bibi kama macho yake yana kasoro.

Wengi wangelihifadhi kisa kama hicho kwa ajili ya barazani. Yeye alianzia papo hapo, kwa mshahara: wakaguzi Waafrika walikuwa wakilipwa sehemu ndogo tu ya walicholipwa Wazungu kwa kazi ile ile. Aliwakusanya wafanyakazi wa baraza katika chama, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka 23, wakati wa hali ya hatari ambapo viongozi wengi walikuwa kizuizini. Mwaka 1955 makuli wa bandari walipogoma kwetu Mombasa, alishuka pwani, akawatetea mezani kwa hoja na hesabu, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Hayo ndiyo mabango yake ya kwanza. Machi 1957, walipochaguliwa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, alishinda kiti cha Nairobi.

Picha zilifuata, tena nyingi. Mboya hakuwa mtu wa kujificha. Alipenda suti nzuri, alijua saa ya magazeti kwenda mtamboni, na Machi 1960 uso wake ulipamba jalada la gazeti la Time la Marekani. Lakini miezi michache nyuma yake, Septemba 1959, ilikuwa imeruka ndege yenye wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani kwa jitihada zake. Nyuma ya uso palikuwa na mzigo. Uchaguzi wa 1961 alisimama Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi hawakuwa wa kabila lake, akapata kura zaidi ya 31,000, na mpinzani wake, Dkt. Munyua Waiyaki, hakufika 3,000. Jina kubwa lina hatari yake pia: tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana katikati ya mji, akafa na umri wa miaka 38.

Wala haihitajiki kurudi mbali hivyo. Hapo hapo Mathare kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho timu zake hupewa pointi katika ligi kwa kusafisha mitaa, kama zinavyopewa kwa kushinda mechi. Wachezaji wanaojitolea zaidi ndio wanaosaidiwa karo za shule. Mtoto wa hapo hujulikana kwa koleo kabla ya kujulikana kwa bao.

Kijana alinisikiliza kwa heshima. Akataka kujua tangu kupima maziwa hadi kushinda kiti cha Nairobi ilimchukua Mboya muda gani. Nikamwambia miaka sita. Akatoa simu, akatazama kalenda, akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. "Mzee wangu," akasema, "hiyo itanipitisha uchaguzi."

Tukaagana penye malori. Mbuzi walikuwa wakiteremshwa, na dalali mmoja alikuwa akiandika kwa kalamu ya wino katika daftari lililojaa mafuta: jina la mwenye mbuzi, idadi, na jina la aliyechukua. Kijana akamkaribia, akampa kadi. Mzee akaipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama pande zote mbili, akaitia katikati ya daftari pale alipofikia, kisha akaendelea kuhesabu mbuzi.